Chetezo cha Pangoni

"Choma udi na wewe huko Johannesburg," mama yake alisema kwenye simu, sura imejaa kioo kizima. "Wanaanza kisomo cha halbadiri, wamlaani aliyeiba chetezo cha mizimu pangoni. Kaka yako kachoka kuitwa mwizi, eti kwa kuwa yeye ndiye anayepitisha watalii kwenye njia za hifadhi."

Duni alikuwa na chetezo kimoja tu. Alikichukua kwa tabaruku, apate baraka za kwao, siku alipokwenda pangoni kuaga kisiwa, akakiviringisha ndani ya kanga.

Akaigeuza simu, ikatazama maghorofa ya Berea dirishani. Udi ukafuka. Ukingo wa udongo, pale ulipomeguka, ukamuunguza kidole, asikiondoe.

"Itikia amina, mwanangu."

Midomo ikamcheza.

"Sikusikii, Duni. Itikia kwa sauti."