Kanisa Lilipohamishwa na Keziah Ndani

Maksai walikuwa wameshafungwa nira na minyororo imeshakazwa, pale Shemasi Eliphalet Rudd alipogundua kwamba dada yake amejifungia ndani ya kanisa.

"Dada Keziah, fungua! Tunaanza kuvuta."

"Vuteni. Mimi nimekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu."

"Na boriti zikikuangukia?"

"Marehemu ndiye aliyezichonga. Zitanijua."

Wanaume wa mlimani waliokuja kutazama wakaangua kicheko. "Shemasi," mmoja akapaza sauti, "mnahamisha kanisa au mnasindikiza bi harusi?"

Eliphalet hakucheka. Kanisa la Kikongregesheni halina askofu wa kukimbilia; wanachama hupiga kura, na kura ikipita imepita. Kijiji cha Wexcombe kilikuwa kimepiga kura. Familia za zamani zilikaa juu mlimani, lakini kinu kilikuwa bondeni na watu wengi walishakifuata huko. Bonde lilishinda kwa kura chache. Kanisa lingeteremshwa zima zima, likiburutwa juu ya magogo yaliyopakwa shahamu, wakati theluji ya New Hampshire bado ngumu.

Aliyepinga kuliko wote alikuwa Asahel, mtoto wa pekee wa Keziah. Siku ya kura alipiga ngumi ukutani. "Baba zetu hawakulijenga kwa ajili yenu," alisema. "Mkiliteremsha, hamtasali humo hata Jumapili moja."

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mama yake alipojifungia. Mlima ulikuwa umepata shujaa wake.

Hakuna mwanamume aliyekuwa radhi kumburuta mjane kwa nguvu ndani ya nyumba ya Mungu. Theluji nayo haikumngoja mtu. Eliphalet akapunga mkono, maksai wakavuta, na jengo zima likaguna, likaanza kutambaa kuteremka, likipita mbele ya ua wa makaburi.

Halikufika mbali. Kwenye kona, katikati ya mashamba matupu, gogo moja lilididimia na kanisa likainama upande. Fremu ya mlango ikapinda. Kuanzia hapo, hata kama Keziah angetaka kutoka, mlango usingefunguka. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili vioo visivunjike njiani. Lilibaki moja dogo tu, lenye tundu la kupitishia bakuli.

Halafu jua likatoka, theluji ikalainika, kazi ikasimama. Ikabidi wangoje baridi irudi.

Eliphalet alichungulia kwenye tundu lile. Viti vya kanisa lao vilizungushiwa mbao kama vizizi, kila familia na chake, na dada yake alikuwa amejikunja ndani ya chao, na blanketi kichwani. Kila boriti ilipolia, alikamata ubao kwa mikono miwili na kufumba macho. Hakuonekana shujaa hata kidogo. Alionekana mtu aliyefungiwa, na anayeogopa.

"Dada, unatetemeka. Niruhusu nikate hizi mbao."

"Ukizikata nitajifunga kamba kwenye nguzo."

"Unatafuta nini humo? Kanisa litafika tu."

"Basi lifikishe upesi, Eli. Acha maneno."

Eliphalet akaondoka akitikisa kichwa. Kumtoa kwa nguvu hawezi, kumwacha hawezi, na kuligeuza kanisa kulirudisha juu hakuna maksai angeweza.

Mwanzoni Asahel alikuwa akimletea mama yake chungu cha maharage akitembea kifua mbele. "Mmemwona mama yangu?" aliwauliza watu wa bondeni. "Huyo ndiye mtu." Lakini kadiri kazi ilivyochelewa, maringo yalimwisha. Keziah alianza kukohoa. Ndipo Asahel alipokuja na shoka.

"Mama, inatosha. Umeshawaonyesha. Toka leo nikupeleke nyumbani."

"Weka shoka chini."

"Utakufa humu!"

"Huenda. Wewe ungependa nife?"

"Mama, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Piga tu, mwanangu. Magoti hayajamdhuru mtu."

Asahel akakaa kwenye theluji, uso kwenye viganja. Eliphalet, aliyekuwa akikagua minyororo, akamwonea huruma. Kijana ameona ubishi wake unamuua mama yake, aliwaza.

Baridi ilirudi kwa ghafla na ardhi ikawa chuma. Maksai wa bonde zima waliletwa. Gogo likang'oka, kanisa likateleza hadi chini, na wanaume wakalisogeza kwa mitaimbo mpaka likakaa juu ya msingi wake mpya, nyumba zimelizunguka pande zote, watoto wakichungulia kutoka kila dirisha la nyumba hizo.

Mlango ulivunjwa. Keziah alisimama kizingitini akishikilia ukuta, maana miguu ilikataa kunyooka. Alizitazama zile nyumba moja baada ya nyingine, akawatazama watu waliojaa kiwanjani, na ndipo akakubali kushikwa mkono. Wanawake wa mlimani walilia. "Pole, Keziah. Ulijitahidi, ila tumeshindwa."

"Pole, dada," Eliphalet naye alisema, na alisema kwa moyo.

Keziah alikohoa, akajikaza blanketi mabegani.

Asahel alimbeba mpaka kwenye sleji, gari lao la kuteleza thelujini, akamfunika ngozi ya nyati, akashika hatamu bila kumtazama mtu. Walipoiacha nyumba ya mwisho nyuma yao, ndipo alipofungua mdomo.

"Wenzangu waliniuliza kila asubuhi kama umeshatoka. Lami ilikuwa tayari, mama, na nyasi kavu. Ilibaki kuwasha moto tu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Najua, mwanangu," alisema Keziah. "Ndiyo maana sikutoka."