Okidi za Theopista

Kulipopambazuka, Theopista alikuta alama za vidole kwenye udongo wa karai lake. Maua hayakuguswa hata moja. Lakini mtu alikuwa amechimbuachimbua pembeni, kisha akaufukia udongo na kuusawazisha kwa kiganja.

Hakuuliza ni nani. Aliutazama mlango wa Benedikta, chumba cha mwisho uani, akasonya.

Ilikuwa Siku ya Okidi. Akina mama wa mjini walikuwa wamealikwa kwenye ukumbi mmoja huko Mnazi Mmoja kushindanisha maua yao, na nyumba ile ya Kariakoo haikuwa na habari nyingine wiki nzima. Okidi za Theopista hazikuwa na mfano. Mumewe Gaudens, dereva wa lori, alizichimbua kando ya barabara huko Makete akamletea donge zima, zambarau tupu. Tangu azaliwe hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa ua. Alizilea nyuma ya pipa la maji kama mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Halafu akaja huyu Benedikta kutoka hukohuko Makete, mke wa Polycarp, dereva mwenzake Gaudens. Ana mimba changa, na mumewe kila siku yuko safarini. Gaudens ndiye aliyemtafutia chumba. Gaudens ndiye aliyempangia foleni ya unga kwenye duka la ushirika.

"Mke wa mwenzangu," alijitetea. "Hali kitu, anatapika tu."

"Kariakoo nzima tumetapika," Theopista alimjibu. "Hakuna aliyepangiwa foleni na mume wa mtu."

Wivu ulimjaa. Kila asubuhi Benedikta alikuja kuchuchumaa mbele ya karai, palepale Gaudens anapopigia mswaki. Juzi tu alikuwa ameuliza, "Dada, zimekaa humu muda gani?"

"Hii masika ya pili."

"Basi ziko tayari."

"Tayari kwa lipi?"

Benedikta alimeza mate, akacheka kwa haya, akajiondokea. Theopista hakuhitaji mkalimani. Mwanamke anayemezea mate maua ya mwenzake, aliyeyaleta naye atamwacha salama?

Sasa alishika kisu. Waandaaji walitaka maua yaliyokatwa, ndani ya chupa ya maji, kwa sababu mwaka uliopita matope yalichafua ukumbi. Alikata vikonyo vyote, hakubakiza hata tumba moja la kumfariji mtu. Karai aliliacha wazi uani. Cha kuibwa alikuwa nacho mkononi.

Benedikta alitokeza mlangoni, uso umesawajika. "Umekata yote, dada?"

"Yote."

"Na karai unaliacha?"

"Naliacha. Kaa nalo mpaka uchoke."

Macho ya Benedikta yalijaa machozi. "Ahsante, dada. Mungu akubariki."

Theopista aliichukua ile kuwa kejeli, akatoka bila kuaga.

Ukumbini hakukuwa na wa kushindana naye. Mabibi wa Upanga walileta okidi zao za vyungu vya kauri, lakini watu wote walisimama kwenye chupa ya Theopista. Jina lake likasomwa kuwa mshindi, akaenda mbele na chupa yake.

"Ndugu Theopista," alisema mzee mmoja, msimamizi wa bustani za jiji, akimshika mkono, "kesho tuletee mmea wenyewe na mizizi yake. Tutaupanda kwenye bustani mpya ya jiji, na kibao chenye jina lako. Ukichanua, Dar es Salaam nzima itajua ni wako."

Njia nzima alikisoma kile kibao. Alimwona Gaudens akipunguza mwendo wa lori ili akisome. Alimwona na Benedikta akikisoma, tena huyo alimsomesha mara mbili.

Alipoingia uani, furaha ilimtoka. Gaudens alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa Benedikta, sahani mapajani, anakula. Na Benedikta naye alikuwa anakula, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, anakula na kutabasamu.

"Dada, karibu," Benedikta alisema. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Mke wangu, onja hiki," Gaudens alisema huku akitafuna. "Sijawahi kula kitu kama hiki."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angewakuta wameshikana mikono. Alivuta kigoda akakaa katikati yao, akamnyang'anya mumewe sahani. Vilikuwa vimviringo vyeupe, vidogo kama njugu mawe, vimepikwa kwa karanga. Alikula kwa hasira. Kisha akala kwa sababu vilikuwa vitamu. Alikomba sahani mpaka ikang'aa, na papo hapo akaamua: atajifunza kukipika chakula hiki yeye mwenyewe, na kuanzia kesho Gaudens hatakuwa na sababu ya kukanyaga mlango huu.

"Nimeshinda," alitangaza, akiirudisha sahani. "Kesho tunaenda kuzipanda kwenye bustani ya jiji. Lakini kwanza nifundishe kupika hiki."

Benedikta alishusha kijiko taratibu.

"Kupika si kazi, dada," alisema. "Kazi ni kuvipata. Kwetu Makete, mtu akishakata maua ya okidi akaiacha mizizi uani, ndiyo amewakaribisha majirani waile. Na wewe ulisema nikae nalo. Karai nimekuoshea, lile pale nimelianika."