Kuku wa Kumpima Enock

Keziah hakugusa kijiko. Alikuwa akingoja Enock ale kwanza.

Mwenye mkahawa alikuwa ameleta chungu cheusi cha mchuzi wa kuku, akakitua mezani kikiwa bado kinatokota. Keziah aliona hiyo ni hatari, na ni uvivu pia, kutopakulia jikoni. Nje theluji ya Februari 1996 ilikuwa ikianguka juu ya barabara ya Snelling, huku Marekani. Ndani kulikuwa na meza chache, harufu ya kitunguu saumu, na huyo Enock, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeketi kando ya binti yake Peris akitabasamu bila sababu. Anayetabasamu bila sababu anayo, ila hataki kuisema. Keziah aliamini hivyo tangu zamani.

Alikuwa ametoka Vihiga kumtembelea Peris, aliyefanya kazi ya kutunza wazee kwenye kitongoji cha Fridley. Jumapili yake ya kwanza tu, baada ya ibada, mama mmoja aitwaye Margaret alimvuta pembeni na kumnong'oneza kwamba Peris alionekana akitoka mahakamani na gauni jeupe, Enock kando yake na suti. Huku, Margaret alisema, watu hufunga ndoa mahakamani kama wanaochukua leseni ya gari. Keziah alipomuuliza binti yake, Peris alicheka, akasema Enock ni rafiki tu. Lisemwalo lipo, Keziah akajiambia.

Jambo lenyewe lilimnyima usingizi. Kule nyumbani mumewe alikuwa amekwisha kuwapokea wazee waliokuja kumposa Peris kwa niaba ya Solomon, mwana wa mchungaji. Wangerudi kuchukua jibu, na jibu lilimngoja Keziah apige simu. Akisema binti yupo huru, kumbe ana mume, familia nzima ingechekwa kanisani mpaka kaburini.

Ndipo akaamua kumtega kijana. Kwao, na Enock alikuwa wa huko huko, mwanamume hali chakula mbele ya mama wa mkewe. Hata mlevi wa kijiji, asiyeheshimu mtu, huliheshimu hilo. Mdomo unaweza kudanganya, lakini kukaa na mamamkwe mkatafuna pamoja, nani atathubutu? Keziah akamwambia Peris amlete Enock wale naye. Peris akachagua mkahawa huu wa Wakorea badala ya kupika nyumbani, na hilo nalo Keziah akalitilia shaka.

"Mum, kula basi, itapoa," Peris alisema.

"Mgeni wangu aanze."

Enock hakuhitaji kubembelezwa. Alichukua paja, akalitafuna mpaka mfupa, akalamba vidole. Keziah akamsogezea kipapatio, akakimaliza. Akamtafutia firigisi chunguni, akaila nayo, huku akieleza jinsi gari lake lilivyokataa ku-start asubuhi kwa ajili ya baridi. Hakuinamisha uso hata mara moja.

Moyo wa Keziah ukatua. Alimwonea kijana huruma, hata akampenda kidogo. Ama kweli Margaret na mdomo wake.

Sasa naye akala. Mchuzi ulikuwa mkali, mchachu kidogo, na mtamu kuliko alivyotaka kukubali. Kwa kuwa hakuwa tena na wa kumshuku, aliweza kumtazama vizuri yule mwenye mkahawa, Mkorea wa miaka thelathini hivi aitwaye Mark. Walipofika, Keziah alimnyoshea mkono, naye hakuupokea. Aliinama tu kwa mbali. Labda ndiyo mila yao. Alipakua kwa mikono miwili, macho chini, na kila Keziah alipoinua kijiko yeye alirudi jikoni. Wali ulipokwisha, Peris mwenyewe aliinuka, akaingia jikoni kuuleta. Keziah alifurahi kuona Marekani haijamfanya binti yake mvivu.

Kesho angempigia mumewe simu, amwambie wazee waje tu. Furaha ilimjaa, akatamani kumshukuru mtu. Akamwita Mark, akavuta kiti kilichokuwa wazi upande wake, akapakua bakuli la kuku. Akamwomba Peris amtafsirie kwamba kwetu mpishi haachwi akafa njaa, aketi hapa ale na sisi.

Peris hakutafsiri. Alikuwa ameweka kijiko chini, na Enock naye alikuwa ameacha kutabasamu.

Mark alirudi nyuma, akatazama sakafu, akasema kwa Kiswahili cha polepole:

"Samahani, mama. Mbele yako siwezi kula."