Uboho Unaonukia Ndimu

Mkurugenzi hakanyagi maabara isipokuwa siku ya wageni, na akija lazima afungue kabati la joto la kukuzia seli apigwe picha. Mara ya mwisho aliliacha wazi akihutubia, seli zote zikafa.

Safari hii Dakta Rukaiya alilifunga kwa ufunguo. Mle ndani kulikuwa na kipande laini alichokiunda kwa kuiga uboho wa mfupa, na seli mama za damu, zilizotoka kwa mtoto mgonjwa wa wodini, zilikuwa zimeanza kuzaliana humo kana kwamba ziko kwao. Kisha akakata sponji ya kuoshea vyombo, akaichovya kwenye juisi nyekundu ya rosela, akaiweka kwenye kisahani cha kioo mezani, tayari kwa picha.

"Mheshimiwa, huu ndio uboho nilioubuni," Mkurugenzi alimwambia mgeni rasmi, akiinyanyua sponji bila hata glavu.

"Wa kunyonya?" mgeni akauliza. Akacheka, na msafara mzima ukacheka kwa sababu yeye amecheka.

Halafu akainama, akanusa. "Mbona unanukia ndimu?"

Rukaiya akaukamata ufunguo mfukoni.

"Ukiwa mchanga hunukia hivyo, Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi, hata kope hazikumcheza.

Wote wakaafiki. Wengine wakasogea kunusa.

Mkurugenzi akageukia kamera, sponji kifuani. Nyuma yake taa ya kijani ya kabati ilikuwa ikiwaka kimya. Tone jekundu likadondokea koti lake jeupe, koti ambalo tangu linunuliwe halijawahi kupata doa la kazi.