Utando wa Sufuria ya Makhanu

"Wewe! Weka hiyo waya chini kabla hujaua sayansi!"

Nerima aliganda, sufuria mkono mmoja, waya ya kusugulia mkono wa pili. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka Mau Narok kwa dadake, hata kitambaa cha kichwa hajafungua, na sasa mumewe Makhanu anamnyang'anya sufuria kama mtu anayeokoa mtoto mtoni.

"Baba Nangila, si ni chafu?"

"Si uchafu, ni utando! Alumini ikipata hewa hujivika ngozi yake yenyewe, isiliwe na kutu. Nyinyi wamama mnaisugua kila siku, mnaiacha uchi."

Tangu astaafu reli, Makhanu alikuwa amesoma mengi kwenye simu, na aliyoyakosa huko aliyatunga. Lakini utando huu, haki ya Mungu, ulikuwa mbele ya macho yake: wa kahawia, mgumu. Aliukamulia ndimu, ukanyamaza. Chumvi, ukanyamaza. Alipoukwaruza kwa msumari, msumari ndio ulioomba msamaha.

"Daktari Wangare wa chuo anakuja kuuona leo. Akisema si kitu, nitaosha vyombo hapa mpaka Yesu arudi."

"Majirani, mmesikia?" Nerima akapaza sauti.

"Tumesikia, shemeji!" Owino akajibu kutoka ng'ambo ya ua.

Daktari akaja, akachutama juu ya sufuria. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mzee, utando wa alumini huwa mwembamba hata jicho haliuoni. Huu sijawahi kuona maishani. Umeota kwa muda gani?"

"Jioni moja tu."

"Jioni moja!" Akakimbilia garini kuchukua kamera.

Makhanu akavuta tumbo ndani, tayari kwa picha. Alishajiona ukutani pale chuoni, yeye na sufuria yake, wanafunzi wakipita wakinong'ona.

Hapo ndipo kuku wa Owino aliporuka ua, akatua ndani ya sufuria. Ko. Ko. Kipande kikabanduka, akameza. Ko. Kingine. Aliposhiba akapangusa mdomo chini, kushoto kisha kulia, akaenda zake.

Daktari alirudi na kamera, akasimama ameiinua hewani.

Nerima akachungulia mabaki. Akaichukua ile waya, akamwekea mumewe kiganjani, polepole, akamkunja vidole juu yake.

"Baba Nangila," akasema, "huo ugali uliuunguza siku gani?"