Lugha ya Bondeni

Miaka mitatu Siwema alishona kiwandani bila kutaja kwao. Kila Shomari, msimamizi wao, alipowaita watu wa bondeni wezi, Siwema naye alicheka na wenzake.

Asubuhi hiyo mama yake mgonjwa alipiga simu. Mama hakujua lugha nyingine ila ya bondeni. Siwema akapokea, akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Kumbe na wewe ni wa kule?" Shomari aliuliza Siwema alipokata simu.

"Ndiyo, kaka Shomari. Na yale maneno yananiumiza. Naomba yaishe."

Shomari aliweka mkasi mezani, akavuta stuli, akaketi mbele yake kumsikiliza.