Mapigo ya Moyo wa Idil

Katika mji ule, kila Msomali alivaa bangili ya kupima mapigo ya moyo. Polisi wakimsimamisha mtu na moyo wake ukaenda mbio, bangili ililia, na sheria ilimhesabu kuwa anapinga kukamatwa, na waliruhusiwa kumpiga. Ndivyo alivyouawa Warsame, mume wa Hodan, alipotoka kununua maziwa.

Baada ya mazishi, Hodan alianza kumfundisha binti yao, Idil, kuutuliza moyo wake. Alimfokea, akamgongea sufuria karibu na sikio, mara nyingine akamzaba kofi. Bangili ilipolia, walianza upya. Mwanzoni mtoto alilia sana, na Hodan naye alikwenda kulia chooni.

Asubuhi moja polisi wawili waliingia nyumbani mwao kufanya msako. Mmoja alipomshika Idil bega, ni bangili ya Hodan iliyolia. Walimwangusha sakafuni, wakampiga kwa rungu mgongoni na usoni. Idil alisimama kando ya meza akitazama. Bangili yake haikutoa sauti.

"Huyu mtoto amelelewa vizuri," polisi mmoja alisema wakiondoka.

Hodan alijikokota mpaka ukutani, damu ikimtoka mdomoni. "Njoo, mwanangu. Wameshaenda. Sasa unaweza kulia."

"Nilie kwa nini, Hooyo?" Idil alimuuliza mama yake.

Hodan alimvuta, akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Moyo ulikuwa ukipiga polepole, kama wa mtu aliyelala.